Kikohozi cha Wiki ya Nne

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya mtoto anayekohoa, tena anayeendelea kukohoa baada ya kumaliza dawa. Nimetibu watoto miaka mingi hapa Dar es Salaam, na ninajua kikohozi hicho kinavyowatesa wazazi. Saa nane usiku, nyumba imetulia, feni inazunguka, chumba cha pili mtoto anakohoa. Ananyamaza. Unasema afadhali, sasa kalala. Anaanza tena.

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu msimu wa vuli akiwa na mwanawe wa miaka tisa, darasa la tatu. Mtoto kaja kwa miguu yake mwenyewe kutoka kituo cha daladala. Kavaa jezi, kakaa kitini, anachezesha miguu. Ungemkuta pale nje kwenye benchi ungedhani yeye ndiye kamsindikiza mama yake. Kabla sijauliza lolote, mama akafungua mkoba akamwaga vilivyomo mezani. Chupa mbili tupu za amoksilini. Chupa ya dawa ya kikohozi, imefika nusu. Nyingine nyekundu, karatasi yake imebanduka, hata jina halisomeki. Na paketi ya vidonge ambayo ndani kimebaki kimoja.

"Hivi vyote kanywa, dokta," akasema. "Leo siku ya kumi na mbili. Kifua ndiyo kwanza kinachanganya."

"Na hiki kidonge?"

"Alinipa jirani. Mwanawe aliandikiwa vitatu, akapata nafuu kwa viwili."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini lile hasa lililomleta. "Bibi yake anasema ni kimeo. Fundi kashatafutwa. Mimi nimeomba nije kwako kwanza."

Nikamshukuru kwa kuanzia kwangu. Nikamuuliza kama kuna mwingine nyumbani aliyekohoa siku za karibuni. Akafikiri. "Dada yake, yuko kidato cha kwanza. Lakini huyo ni zamani, kama wiki tatu, na alipona mwenyewe, hata hospitali hakuja."

Wapenzi wasikilizaji, jibu lile la dada aliyepona mwenyewe lilinifunulia mengi. Mafua ya kawaida yakiingia ndani ya nyumba hupita kama moto wa nyasi: leo huyu, kesho kutwa yule, wiki ikiisha yamekwisha. Ugonjwa unaomshika mmoja, ukatulia wiki moja au zaidi, ndipo ukamwibukia mwenzake, huo una mwendo wake. Nilimpima. Homa nyuzi 38 na nusu, si kali ya kutisha. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kifuani, upande wa kulia chini, kulikuwa na mchakacho mdogo kama wa nywele ukizisugua na vidole karibu na sikio. Picha ya kifua ikaonyesha wingu palepale. Mtoto yule anayechezesha miguu alikuwa na nimonia.

Wazee wetu waliiita kichomi, na ukisikia kichomi unamfikiria mtu aliyelala kitandani, homa imempanda, mbavu zinamchoma kila akivuta pumzi. Hiyo ipo. Lakini iko nimonia nyingine ya kutembea, mgonjwa wake anakwenda shule, anapiga mpira, huku kifua kinamharibikia polepole. Mara nyingi mletaji wake ni bakteria ambaye jina lake kamili ni Mycoplasma pneumoniae. Sisi tumwite maikoplazma.

Bakteria huyu ni mdogo ajabu, miongoni mwa viumbe vidogo kuliko vyote vinavyoweza kujizalisha vyenyewe. Udogo huo ulipata kuwachanganya hata mabingwa. Mwaka 1944, huko Marekani, Monroe Eaton alikitoa kisababishi cha nimonia hii katika makohozi ya wagonjwa, akakipitisha kwenye chujio jembamba ambalo bakteria wa kawaida hawapenyi. Kikapenya. Basi watu wakasema hiki ni kirusi. Kikakaa na jina hilo lisilo lake karibu miaka 20, hadi 1962, Robert Chanock, Leonard Hayflick na Michael Barile walipokiotesha maabara kwenye chakula kisicho na chembe hai ndani yake, jambo ambalo kirusi hakiliwezi.

Kwa nini nawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu ya zile chupa mbili tupu. Bakteria walio wengi wana ukuta unaowazunguka. Penisilini, amoksilini, ampisilini, hata ile sindano ya seftriaksoni ambayo wengi wenu mnaiamini kuliko vidonge, zote kazi yao ni kuharibu ujenzi wa ukuta huo. Ukuta ukipasuka, bakteria kafa. Maikoplazma hana ukuta. Ana utando laini tu, kama mtu aliyelala uwanjani chini ya chandarua. Ukimpelekea fundi wa kubomoa kuta, atabomoa nini? Chupa ya kwanza ilikwisha, ya pili ikakwisha, na dawa haikuwa mbovu, wala mama hakukosea kuipima. Nilimuuliza mpaka maji aliyochanganyia. Aliyachemsha, akayapoza, akatikisa chupa kila mara kabla ya kumnywesha. Alifanya kila kitu sawasawa, kwa dawa isiyomhusu mdudu yule.

Sasa naomba asitokee mtu wa kuondoka hapa akamgombeze tabibu wa zahanati yake. Kwa mtoto mdogo mwenye nimonia, amoksilini ndiyo dawa ya kwanza katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na imewekwa pale kwa sababu nzito. Wadudu wanaoua watoto wadogo upesi, nimokoko na mwenzake Hib, wana kuta, na amoksilini inawamudu. Mwaka 2019 peke yake nimonia za kila aina ziliua watoto wapatao 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Mbele ya hatari hiyo tabibu hufanya vizuri kumwanzia anayeua. Maikoplazma huua kwa nadra sana. Yeye husumbua, hukawia, hutia watu wasiwasi na kuwamaliza fedha.

Huwapenda zaidi watoto wa shule, kuanzia miaka mitano hadi kumi na mitano hivi. Huruka na matone ya kikohozi kwa watu waliokaribiana muda mrefu: dawati moja, kitanda kimoja, bweni moja. Tangu mtoto aambukizwe hadi aanze kuugua ni wiki moja mpaka nne. Huanza taratibu. Kichwa kinauma, koo linawasha, mwili umechoka, homa kidogo. Kikohozi huja nyuma, kikavu, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo kinavyopanda, wakati mzazi anatazamia kishuke.

Tena huja kwa mawimbi, baada ya kila miaka mitatu hadi saba. Japan kulikuwa na miongo ambapo wimbi lilifika kila mwaka wa nne, mwaka uleule wa Michezo ya Olimpiki, mpaka wenyewe wakauita ugonjwa wa Olimpiki. Kipindi cha korona, watu walipovaa barakoa na shule zikafungwa, alikuwa karibu kupotea kabisa. Mwishoni mwa 2023 akarudi kwa kishindo. Hospitali za watoto kaskazini mwa China zilifurika, Denmark ikawa na mlipuko, na 2024 ikawa zamu ya Marekani, ambako safari hiyo hata wadogo wa miaka miwili hadi minne waliugua kuliko ilivyozoeleka.

Kuna vipimo vya kumtambua, vya kupangusa koo na vya damu, lakini katika zahanati zetu nyingi havipo, na penye navyo bei yake inauma. Mara nyingi daktari hukusanya dalili: umri, kikohozi kilivyopanda, ndugu aliyetangulia kuugua, amoksilini iliyomalizwa bila nafuu. Akipata picha ya kifua, heri. Akikosa, masikio na akili vinatosha kuanza tiba.

Na tiba yenyewe? Kwanza niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia kwa daktari. Watoto wengi wenye maikoplazma hupona hata bila antibayotiki. Dada yake yule wa kidato cha kwanza alipona kwa chai ya tangawizi na usingizi. Lakini mtoto ambaye mapafu yameshaingiwa, na homa haishuki, tunampa dawa isiyoshughulika na ukuta, inayoingia ndani ya bakteria na kuzima kiwanda chake cha protini. Hiyo ni azithromaisini au nduguze, erithromaisini na klarithromaisini. Azithromaisini hunywewa mara moja kwa siku, siku tatu au tano. Kiasi sikitaji hapa redioni kwa sababu kinafuata kilo za mtoto, na kilo hupimwa kwenye mizani. Siku tano hizo zisikutie wasiwasi ukaona chache. Dawa hii hukaa ndani ya mapafu siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, ikiendelea na kazi.

Homa ndiyo ya kutazamwa. Kwa kawaida hushuka ndani ya siku mbili au tatu. Zikipita siku tatu kamili na mtoto bado anachemka, mrudishe aangaliwe upya. Huenda ni ugonjwa mwingine, huenda maji yamejaa pembeni ya pafu, na huenda bakteria amekuwa sugu.

Hapo ndipo ninapokirudia kile kidonge cha jirani. Kuna badiliko moja dogo sana ndani ya maikoplazma linalotosha kuifanya azithromaisini isimshike. Japan ilianza kuwaona watoto wenye bakteria wa namna hiyo mwaka 2000. China leo wamejaa, na katika miji mingi ni zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi. Usugu hulelewa na dawa inayonywewa hovyo, kidonge leo, kesho hakuna, viwili kwa huyu, kimoja kwa yule. Ikifika huko daktari hulazimika kutumia doksisaiklini, ambayo zamani tuliiogopa kwa walio chini ya miaka minane kwa sababu dawa za ukoo wake hutia meno rangi; siku hizi inakubalika kwa muda mfupi kukiwa na haja. Baada ya hiyo tunaingia kwenye dawa ambazo ni za bingwa kuamua. Jirani yule alitoa kidonge kwa upendo, simlaumu. Lakini duka moja la dawa mtaani kwetu, nisilolitaja, huwakatia watu azithromaisini kidonge kimojakimoja kama pipi, na hilo linaniumiza kila nipitapo.

Basi mtoto wetu akaanza dawa Jumatatu. Alhamisi mama akanipigia simu. Homa imekwisha. Sauti yake, hata hivyo, haikuwa ya mtu mwenye furaha. "Lakini dokta, anakohoa vilevile."

Kama kuna kitu kimoja nilichokuja kukisema jioni hii, ni hiki. Ndani ya njia zetu za hewa kuna vinyweleo vidogo mno, vingi visivyohesabika, vinavyopiga kwa pamoja kama wapiga makasia wa mashua moja. Kazi yao ni kusukuma uchafu na makohozi kutoka chini kuja juu, mchana na usiku, bila wewe kujua. Maikoplazma hujishika palepale kwenye vinyweleo hivyo na kutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile tunayosafishia vidonda. Vinyweleo vinalegea, vinalala, vingine vinakatika kabisa. Antibayotiki ikija inamuua bakteria. Vinyweleo haivioteshi. Mwizi kakamatwa, bati aliloling'oa bado liko chini. Mpaka viote upya na kujifunza kupiga pamoja ni wiki kadhaa, na muda wote huo mwili unasafisha njia kwa mkono, yaani kwa kukohoa. Wiki ya tatu anakohoa. Ya nne bado. Wengine huvuka ya sita. Mtoto mwenye pumu huweza kubanwa zaidi katika kipindi hiki, na dawa yake ya kuvuta isikosekane nyumbani.

Nimeona madhara mengi yakitendeka katika wiki hizo kuliko yale yaliyoletwa na bakteria mwenyewe. Wiki ya tatu mzazi anabadilisha hospitali, anapewa antibayotiki nyingine. Ya nne anabadilisha tena, zinaongezwa sindano. Ya tano kikohozi kinaisha kwa sababu wakati wake wa kuisha umefika, na dawa ya mwisho inapokea sifa zote. Jirani mwenye mtoto anayekohoa anaelekezwa dawa hiyohiyo.

Kimeo nacho kinaishi kwa hesabu hiyo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mmoja wetu anacho, Mungu kakiweka kwa kazi yake ya kuzuia chakula kisipande puani. Koo likiwa na maambukizi kinakuwa chekundu, kinavimba kidogo. Bibi anamulika kwa tochi ya simu, anakiona, anasema ndicho hiki. Fundi anayekikata wiki ya nne atasifiwa wiki ya tano. Wanaosifu hawasemi uongo, wameona kikohozi kinakoma. Lakini mimi nimempokea mtoto wa miaka mitatu, usiku, mweupe midomoni, mama kashika beseni lenye damu. Wembe wa fundi huleta kutokwa damu, pepopunda, maambukizi ya damu. Namheshimu bibi yule. Anampenda mjukuu wake, na hataki kukaa bure mtoto akiteseka. Ndiyo maana siku ile nilimwomba mama amlete. Akaja, tukaangalia picha ya kifua pamoja dirishani, nikamwonyesha lile wingu kwa kidole. Akaliangalia sana. "Kumbe liko chini hivi," akasema. Habari ya fundi haikuzungumzwa tena.

Sasa, kuna ukuta ambao mimi mwenyewe lazima niujenge hapa. Nimewaambia kikohozi cha wiki nne kinaweza kuwa ni kupona. Nchini mwetu, vilevile, mtu yeyote anayekohoa wiki mbili na zaidi apimwe kifua kikuu. Yote mawili ni kweli na hayagombani. Pima mara moja, kwa uhakika, upate moyo wa kungoja. Kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye kifua kikuu, kama mtoto anapungua uzito, kama homa za jioni haziishi, kama hachezi, mpeleke hata leo. Watoto hawajui kutema makohozi, wanayameza. Siku hizi hata choo cha mtoto huweza kupimwa kifua kikuu kwenye mashine. Mtoto wetu alipimwa, hakuwa nacho. Kadhalika kikohozi cha mfululizo kinachoishia kwa kuvuta pumzi kwa mlio, au kwa kutapika, chaweza kuwa kifaduro, na hicho kina njia yake.

Wenye watoto wa selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo, kwenu hakuna nimonia ya kutembea. Maikoplazma anajulikana kuwaletea watoto hawa shambulio kali la kifua. Homa na kikohozi, au maumivu ya kifua, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Turudi kwa mama yule: nilimpa daftari. Nikamwambia kila jioni aandike mambo matatu tu. Kala? Kacheza? Akiwa usingizini anapumua mara ngapi kwa dakika? Kikohozi sikumwambia aandike.

Kuhesabu pumzi ni jambo ambalo mzazi yeyote analiweza, na nataka mlijue. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo, tumbo na kifua vionekane. Weka saa ya simu dakika moja nzima, usikadirie kwa nusu, hesabu kila tumbo linapopanda. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akifika 40, anapumua haraka, mpeleke. Ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi, midomo ina rangi ya samawati, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, kalegea haamki vizuri, au kapata degedege, usimalizie kusikiliza kipindi hiki. Beba mtoto uende. Na maikoplazma ana ishara zake za pekee: vidonda vinavyojaa mdomoni, macho mekundu, vipele au malengelenge mwilini, au mtoto anababaika. Hutokea mara chache, ila hazingoji asubuhi.

Mambo ya nyumbani nitayapita haraka. Maji na uji na mchuzi kidogokidogo, mara nyingi. Asali kijiko usiku husaidia kikohozi, kwa aliyetimiza mwaka mmoja. Chini ya hapo asali ina hatari. Parasetamo kwa kilo zake, aspirini hapana. Jiko la mkaa litoke nje, na udi na ubani vipumzike mpaka kifua kipone, najua wenzangu wa pwani mtaniwia radhi. Mafuta ya taa yasipite mdomoni mwa mtoto kamwe, yanachoma mapafu. Na zile dawa za maji za kikohozi, ikiwemo ile nyekundu isiyo na jina, nilizimwaga mbele ya mama. Faida yake kwa mtoto ni ndogo, zenye kodeini hazifai kabisa kwa walio chini ya miaka kumi na miwili, na tukumbuke yaliyowapata wenzetu Gambia mwaka 2022, watoto karibu 70 walikufa figo zikiwa zimeharibika, na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizoingia sumu ndizo zilizohusishwa na vifo hivyo. Chanjo ya maikoplazma haijapatikana. Ile ya PCV iliyo kwenye kadi ya kliniki, ambayo Kenya ilianza 2011 na Tanzania ikafuata mwishoni mwa 2012, inakinga nimokoko, na mtoto aikamilishe pamoja na nyingine zote.

Wiki ya tatu mtoto wetu alirudi shule. Homa ilikuwa imekwisha siku nyingi, anakula, hana sababu ya kukaa ndani. Siku ya pili akarudishwa nyumbani kwa barua kwamba anakohoa, aje akipona. Mama akaja na barua ile macho yamemwiva. Niliandika majibu: mtoto ametibiwa, kifua kikuu hana, kikohozi hiki kitaendelea wiki kadhaa, mruhusuni asome, mpeni nafasi karibu na dirisha, akikohoa azibe mdomo kwa kiwiko, mbio na mpira aanze polepole mwenyewe akijisikia. Nasema haya kwa walimu wote wanaonisikia, kwa heshima. Mtoto asiye na homa kwa siku nzima bila kunywa dawa ya kuishusha, na mwenye nguvu zake, mpokeeni. Wiki sita nje ya darasa la tatu ni nyingi mno.

Mwisho wa wiki ya tano mama akaleta daftari. Lilikuwa la hesabu, la miraba, limejaa mwandiko wake wa kalamu ya bluu. Pamoja na nilivyomwambia, kikohozi alikiandika kila siku. Nilicheka kimoyomoyo nikasoma. Siku ya tatu ya dawa: "Homa hakuna. Kala chapati nusu. Hakucheza. Pumzi 26. Kakohoa usiku kucha." Siku ya tisa: "Kala ugali na dagaa. Kacheza karata na dada. Pumzi 22. Kakohoa sana saa saba." Wiki ya tatu: "Shule. Kala makande kaongeza. Kacheza mpira kidogo akakaa. Pumzi 20. Kakohoa mara nne." Nikafunua kurasa, idadi ikipungua mstari kwa mstari, mara tatu, mara tatu, mara mbili, mara tano siku ya mvua, mara moja.

Ukurasa wa mwisho, tarehe ya juzi yake, aliandika chakula, akaandika mchezo. Mbele ya pumzi na kikohozi hapakuwa na namba. Palikuwa na maneno mawili: "Sijahesabu, nililala."